Barua kwa mwanangu: ile orodha yako ya Januari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kwa nini kila ukijiwekea malengo ya afya unayaacha kabla mwezi haujaisha, na kama kasoro ni yako. Orodha yenyewe umeniandikia: kupunguza kilo 15 kwa miezi miwili, kukimbia kila alfajiri, kuacha sukari kabisa, kulala saa tatu usiku. Siku ya tisa usingizi ukakushinda, hukukimbia, ukaona yote yameharibika.

Kasoro si yako, ni ya orodha. Chukua hizo kilo. Kupunguza uzito kwa usalama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Miezi miwili haifiki hata wiki tisa, kwa hiyo ungefanya kila kitu sawasawa na bado ungejiona umeshindwa. Tena mizani hupanda na kushuka kwa sababu ya maji na chumvi tu, bila mafuta kuongezeka wala kupungua. Nakusihi, lengo lako liwe kitendo. Huwezi kuuamuru mwili upungue kilo, ila kutoka nje na kutembea dakika 15 baada ya chakula cha jioni unaweza.

Hili nililijua mwaka ule nilipopimwa presha ikakutwa 150 kwa 95. Niliogopa sana, hukuambiwa kwa sababu ulikuwa na mitihani. Kwa hofu ile nilibadilisha kila kitu siku moja, na baada ya wiki mbili sikuwa nimebakiza hata kimoja. Nikaanza upya na dakika kumi za kutembea, basi. Jioni niliyochoka kabisa bado ziliwezekana. Baada ya muda zikawa 20, kisha 30, na presha ikashuka taratibu pamoja na dawa nilizoandikiwa, ambazo sikuziacha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani yale ambayo unaweza kuongea ukiyafanya lakini kuimba huwezi, na siku mbili za kuimarisha misuli. Hapo ni pa kufika. Pa kuanzia ni popote ulipo, na shirika hilohilo linasema kidogo ni bora kuliko kukaa. Na zile hatua 10,000 zinazokunyima raha kwenye simu, chanzo chake ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Hakuna daktari aliyezipima kwa ajili yako.

Sasa hiyo siku ya tisa, maana naona ndiyo iliyokuumiza. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya. Kwa wastani zoea lilikomaa baada ya siku 66. Kuna aliyehitaji 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Waliokosa siku moja hawakurudi nyuma kwa kiasi cha maana. Wewe siku ya tisa hukuwa umeanguka, mwanangu, ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Ungeamka siku ya kumi ukaendelea.

Suala la sukari liweke kando kwanza, utaligusa kutembea kukishazoeleka, tena kwa kupunguza kijiko kimoja. Usingizi sitaki usubiri: upate jumla ya saa saba za kulala kila usiku, na simu ilale chumba kingine.

Kabla hujarudia kukimbia, nenda kapime presha na sukari. Sasa unajua yangu ilivyokuwa, na mambo haya huenda kwa damu. Kisha chagua saa ya kutembea, moja tu, uniandikie ni ipi. Nami nitatoka saa hiyohiyo huku niliko.

Mama yako