Kabla ya Kulikata Paa la Gari Lako

Wengi wanaonijia hapa Nakuru wakitaka ushauri wa kuunda gari la wazi la mtindo wa zamani, lenye paa la turubai linalokunjwa, huanza kwa kuniuliza habari za taa na rangi. Mimi huwarudisha kwenye sakafu, kwa sababu huko ndiko nilikolipotezea gari langu la kwanza.

Lilikuwa gari la aina ya saluni lisilo na chesisi (fremu ya chuma ya chini) ya peke yake, yaani bodi yenyewe ndiyo iliyobeba uzito wote. Jumamosi moja nililikata paa kwa grainda nyuma ya nyumba, na ilipofika jioni mlango wa dereva ulikuwa umegoma kufunguka: pengo la milimita 5 kati yake na nguzo ya nyuma lilikuwa limezibika kabisa upande wa juu. Paa huzuia nguzo zisisogeleane, nalo likiondoka, sakafu hubonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Hata kampuni ya Karmann ya Osnabrück, Ujerumani, iliyounda Volkswagen Beetle za wazi kuanzia 1949 hadi 1980, ililazimika kuongeza vyuma vya kuimarisha chini ya milango, ingawa Beetle ina sakafu yake imara inayofungwa kwa bodi kwa bolti.

Kwa hiyo liweke gari juu ya stendi, kwenye saruji wala si kwenye udongo, kisha uchomelee paipu za mraba kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma kila upande, na nyingine zikatizane katikati. Zikae kwa ndani ili milango iendelee kufungika, kwa maana milango ndiyo rula yako. Pima pia mshazari, kutoka bawaba ya kushoto hadi kitasa cha kulia na kinyume chake, uviandike vipimo hivyo ukutani. Ondoa kutu yote, uimarishe vizingiti vya chini ya milango kwa bati la milimita 2, upande mmoja kwanza, ukiufunga na kuufungua mlango kila baada ya kuchomelea kidogo. Baada ya hayo yote ndipo ukate.

Mabati ya nje, ya milimita 0.9, nilipenda kuyafinyanga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, nikiyalinganisha na kalibu ya mbao za saiprasi. Chomelea nukta zilizoachana na usubiri hadi bati lipoe kiasi cha kuweza kuguswa kwa mkono, la sivyo joto litalikunja. Rangi usiipulize wakati wa mvua za Aprili. Kuhusu usajili, fuata mapema utaratibu wa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani ya Kenya, wa ukaguzi na wa kubadilisha aina ya bodi.

Gari langu la pili lilikaa na paipu zile miezi minne. Siku nilipoziondoa, nililiendesha hadi Njoro na kurudi, nikapima pengo la mlango kabla hata ya kunawa mikono: milimita 5, juu na chini.