"Chupa mbili" ni gramu ngapi?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili hapa Kampala. Nawatumia wanafunzi wa chuo maswali kwa simu ili nipime unywaji wao wakati ule ule wanapokunywa. Mtu anajibu "chupa mbili" kumbe amelewa chakari, na usiku wa Ijumaa wengi hawajibu kabisa. Kosa liko wapi?

JIBU: Anza na neno chupa. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi (500 × 0.05 × 0.789; hiyo 0.789 ni gramu za mililita moja ya alkoholi). Waragi, pombe kali ya Uganda, ya mililita 200, asilimia 40, ina gramu 63. Zote mwanafunzi anaziita "chupa moja", na tangu pakiti za plastiki za pombe kali zipigwe marufuku mwaka 2019, hiyo ndogo ya waragi iko mifukoni mwa wengi. Kwa hiyo uliza ni kinywaji gani, chupa ya ukubwa gani, na wamegawana wangapi. Weka picha za chupa aguse tu. Hesabu ya gramu fanya wewe. Usimwachie mtu aliyekwisha kunywa.

Malwa, pombe ya ulezi, ina shida yake. Watu wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na maji ya moto yanaongezwa tena na tena, hivyo kilevi kinapungua kadiri muda unavyokwenda. Hapo gramu ni za kubuni. Andika dakika alizokaa na idadi ya wanywaji, kisha zichambue peke yake.

Kuhusu Ijumaa: anayekunywa sana ndiye asiyejibu. Ukiandika sifuri pale alipokaa kimya, umeharibu utafiti mzima, tena bila kujua. Acha pengo lionekane, halafu asubuhi, tuseme saa nne, muulize habari za jana usiku. Jibu hilo liwe na alama yake, kwa kuwa ni la kukumbuka. Mwombe pia abonyeze mwenyewe anapoanza kinywaji cha kwanza.

Programu ihifadhi majibu hata bando likiisha, na iandike nyakati mbili tofauti: alipojibu na jibu lilipofika. La sivyo bia ya saa tatu usiku itasomeka ya alfajiri.

Na tafadhali, ujumbe unaotokea kwenye skrini usitaje pombe. "Una maswali mapya" inatosha; simu huwa mezani, mbele ya wenzake au wazazi.