Unaanza Kiayalandi? Kaa kwanza na "mór"

Wewe uliyeanza Kiayalandi juzi, achana kidogo na majedwali ya vivumishi. Shika mór, yaani "-kubwa", hadi kikukae mdomoni.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Kivumishi kufuata nomino na kubadilika kichwani si kigeni kwetu: mtu mkubwa, kitu kikubwa. Kwao fear mór ni mwanamume mkubwa, bean mhór ni mwanamke mkubwa. Hiyo h huitwa séimhiú, na si pambo: mhór huanza kwa sauti ya w kule Connacht, kwa v kule Munster, mikoa miwili ya Ayalandi. Nomino ya kike huidai. Soma vibao vya barabarani, vina lugha mbili. Dunmore ni Dún Mór, kwa kuwa dún (ngome) ni ya kiume; Tullamore ni Tulach Mhór, kwa kuwa tulach (kilima) ni ya kike. Kiingereza kimeandika -more kotekote, kwa hiyo soma mstari wa Kiayalandi.

Sasa mtego. Sisi tunasema "mwanamke huyu ni mkubwa", upatanisho uko palepale. Wao husema tá an bhean mór, bila h. Hata wingi haukigusi: tá na fir mór, "wanaume ni wakubwa". Kivumishi kikikaa upande wa kiarifu hakibadiliki. Ulimi wako utataka kupatanisha, uzuie.

Kikiambatana na nomino ya wingi huwa móra, na h huja pale tu nomino inapoishia konsonanti nyembamba, yaani iliyotanguliwa na i: fir mhóra, lakini mná móra (wanawake wakubwa). Kulinganisha ni níos mó, umbo la kukariri tu.

Neno lenyewe ni la kale. Wanaisimu hulirudisha kwenye māros ya Kikelti cha awali, lugha mama ya Kiayalandi na ndugu zake. Wagauli, Wakelti wa kale wa eneo la Ufaransa, waliliweka kwenye majina ya watu: Segomaros yuko kwenye maandishi ya kale ya Vaison-la-Romaine, kusini mwa Ufaransa, na Viridomarus ni yule chifu aliyeuawa na Mrumi Marcellus mwaka 222 KK. Kule Wels wanasema mawr, nao hukibadilisha kichwani: Fforest Fawr, "msitu mkubwa".

Utakutana pia na ní mór dom imeacht. Usitafute ukubwa humo. Maana yake ni "sina budi kuondoka", na utaisikia kila siku.