Dawa Ikikukataa, Usitupe Boksi Lake

Nauza dawa Kirumba, na mteja anayerudi dirishani na lalamiko husema lilelile: "Ile dawa ilinikataa." Dawa gani? "Vile vidonge vyeupe." Hapo tumekwama wote wawili.

Kwa hiyo tunza boksi, hata dozi ikiisha. Lina jina la dawa, kiwanda na namba ya toleo, yaani fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja. Wanaonunua vidonge vya kukata ndio wenye shida zaidi: namba ya toleo hugongwa kwenye ncha moja ya stripu, na mkasi ukipita, anaondoka nayo mteja mmoja tu. Mwambie muuzaji akuandikie kwenye bahasha. Mimi naandika bila kuombwa, ingawa foleni ikiwa ndefu watu hununa.

Ukimeza dawa yenye salfa, kama Septrini au SP, midomo ikavimba au ngozi ikaanza kubabuka, acha dawa, kimbilia hospitali na boksi lako mkononi. Fomu ya kuripoti madhara baadaye. Mhudumu atakujazia, au utoe taarifa mwenyewe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza. Huhitaji uthibitisho, shaka inatosha. Chanjo ni vivyo hivyo.

"Itasaidia nini?" Taarifa haiozi kabatini. Tangu 1993 Tanzania imo kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa, ulioanza 1968, baada ya thalidomide, dawa waliyomeza wajawazito, kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Taarifa za nchi zote zilizomo hukusanywa Uppsala, Sweden, ili visa vitatu vya huku na viwili vya kwingine vionekane pamoja.

Tena ufuatiliaji hauwindi dawa tu, huisafisha pia. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakifuatilia uzazi Botswana waliona dalili kwamba dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, huenda inaleta kasoro za uti wa mgongo kwa watoto. Tahadhari ikatolewa duniani. Wakaendelea kuhesabu, na kadiri watoto walivyoongezeka, ile tofauti ikayeyuka. Leo wajawazito wanaitumia, hata huku kwenye mialo yetu. Bila wale wahesabuji tungebaki na uvumi, na uvumi wa dawa ninaujua unavyokimbia sokoni.

Nawe unayevua huku na huku, ukanunua dawa Kenya au Uganda ukaja kuugulia Ukerewe, taja duka na mji. Nchi hizo nazo zimo kwenye mpango huo, na toleo moja linaweza kuuzwa Kisumu na Kirumba wiki ileile.