Maswali yenu: mswada wa kale mbele ya mhariri wa jarida

Maswali ya safari hii yametoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na hapa Dodoma mjini. Yote yanahusu kupeleka jaridani makala juu ya miswada ya kale.

Shikamoo mwalimu. Makala yangu kuhusu kitabu cha mashairi cha babu, kilichoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, imerudishwa kabla ya kufika kwa wahakiki, wale wataalamu wa kuipima. Mhariri anasema "mswada haujaelezwa", wakati nimeeleza historia ya ukoo kwa kurasa 9. (Kondoa)

Marahaba. Historia ya ukoo haielezi mswada. Mhariri hajakiona kitabu, na anataka maneno yako yamwonyeshe. Kaa nacho, ukiwa na rula, penseli na taa. Kalamu ya wino iache nje. Hesabu karatasi, si kurasa, na kila karatasi uipe namba: upande wa mbele a, wa nyuma b. Ukiandika 12b, kila msomaji ajue ni wapi. Pima karatasi kwa milimita, kisha pima eneo lenye maandishi, kisha hesabu mistari ya kila ukurasa. Taja rangi za wino na mahali kila rangi ilipotumika.

Elekeza karatasi kwenye mwanga uone kama ina alama ya kiwanda ndani yake. Hilali tatu, kwa mfano, ni alama ya karatasi za Italia zilizouzwa sana katika nchi za Waislamu. Inakusaidia kukisia umri, lakini peke yake haithibitishi mwaka. Angalia pia lile neno lililoandikwa chini pembeni ya ukurasa kumwonyesha msomaji neno litakaloanza ukurasa unaofuata. Maneno hayo mawili yasipolingana, huenda karatasi imepotea au ilishonwa mahali pasipo pake, na uchambuzi wako wa mpangilio wa beti unabomoka. Tamko la mwisho la mnakili, yaani aliyekiandika kitabu kwa mkono, ulinukuu lote, hata dua.

Kisha tafuta kama shairi lenyewe lipo kwingine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya chuo kikuu cha SOAS, London, zina miswada mingi ya aina hiyo. Anayedai utenzi "haujulikani" kabla hajafungua orodha ya miswada ya maktaba hiyo ya Dar es Salaam, aliyoitoa J.W.T. Allen mwaka 1970, anampa mhakiki sababu ya kumkatalia.

Na hili hukuuliza, lakini linanikosesha usingizi: msikipeleke kitabu kulaminishwa, wala msikibandike selotepu. Gundi hugeuka njano na kupenya karatasi, na kuiondoa baadaye ni kuing'oa pamoja na wino. Kiviringisheni kitambaa cheupe cha pamba, mkiweke sandukuni mbali na jiko na mchwa.

Naweza kutuma makala moja kwa majarida matatu, nione litakalojibu kwanza? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Hapana. Swali hili linarudi kila mara na jibu halibadiliki. Ukichoka kusubiri, andika barua ya kuiondoa makala, ungoje ithibitishwe, ndipo uende kwingine.

Mnakili ameweka mwaka 1300. Nimejumlisha 622 nikapata 1922. Ni sawa? (Mpwapwa)

Si sawa, umekosea kwa takriban miaka 40. Mwaka wa Hijria una siku kama 354, kwa hiyo miaka hiyo hailingani na ya Miladia. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882 ukaisha Novemba 1883, andika 1300/1882–83. Kitabu cha zama za Sultani Barghash wa Zanzibar umekipeleka kwenye utawala wa Mwingereza! Kumbuka pia kwamba tarehe ya mnakili ni ya nakala. Shairi laweza kuwa la zamani zaidi.

Mswada una "ndia" na "ndoo" badala ya njia na njoo. Nisahihishe? Na irabu e na i hazitofautishwi. (Kondoa)

Usiguse. Hicho ni Kiswahili cha pwani ya kaskazini, na kukikuta Kondoa ni ushahidi wa safari ya shairi. Ukikisanifisha umeufuta ushahidi kwa mkono wako.

Kuhusu irabu, kasra (alama ya chini ya herufi) hubeba i na e, dhumma (alama ya juu) hubeba u na o. Herufi ba yaweza kusomwa b, p au mb, na n iliyo mbele ya d mara nyingi haiandikwi. Kwa hiyo kila neno unalolisoma ni uamuzi wako, na uamuzi lazima uonekane. Toa picha ya ukurasa mmoja walau, unukuzi wa herufi kwa herufi, kisha usomaji wako. Ulichoongeza kiweke ndani ya mabano ya mraba, na kanuni zako zitangulie matini. Mizani itakusaidia: kipande cha utenzi kina mizani (silabi) 8, basi usomaji unaotoa 7 au 9 urudie kabla ya kumlaumu mnakili.

Ambatisha nakala ya PDF. Maandishi ya Kiarabu yaweza kugeuka kinyumenyume faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na mhakiki ataliona kosa hilo kuwa lako.

Jarida linaahidi kuchapisha ndani ya siku 5 nikilipa dola 150. (Dodoma)

Usilipe. Hakuna mhakiki atakayelinganisha beti zako na mswada kwa siku tano. Soma matoleo ya jarida la *Kiswahili* la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au *Swahili Forum*, linalosomwa bure mtandaoni, uone uhakiki wa kweli unazaa nini.

Nimepiga picha majalada ya enzi za Wajerumani kwenye nyaraka za taifa. Kibali cha kusoma ninacho. Nichapishe? (Manyoni)

Kibali cha kusoma si kibali cha kuchapisha. Andika barua ukitaja namba ya jalada, ukurasa, idadi ya picha na jina la jarida, na jibu lao ulitume pamoja na makala. Picha itakayochapwa kwa upana wa sentimita 16 inahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli kama 1,890 kwa upana. Usitume ile iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu imeshabanwa. Tuma faili la kamera lenyewe. Lipe jina la namba ya jalada na ukurasa, wala usiweke jina lako popote, kwani mhakiki hatakiwi kumjua mwandishi.