Meya wa kitongoji Marekani: chama hakimteui

Ndugu, umeuliza kama meya wa mji mdogo wa Marekani huteuliwa na chama, na kama lazima awe tajiri. Mtazame Nadia Mohamed wa St. Louis Park, kitongoji cha watu kama 50,000 kando ya Minneapolis. Alizaliwa Somalia, akapitia kambi ya wakimbizi Kenya, akafika Marekani akiwa na miaka 10. Mwaka 2019, akiwa na miaka 23, alichaguliwa diwani. Novemba 2023 wapiga kura wakampa umeya.

Chama? Kwenye karatasi ya kura ya mji ule hakuna jina la chama kabisa. Unakuta majina ya watu tu, nawe unayapanga: chaguo la kwanza, la pili.

Ila usidhani ndiye bosi wa mji. Kazi za kila siku ziko kwa mkurugenzi anayeajiriwa na baraza. Meya anaongoza vikao. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, kitongoji kingine. Mzee mmoja alipewa dakika tatu kulalamikia theluji iliyozolewa barabarani ikarundikwa langoni kwake. Madiwani kimya, wanaandika. Nilitamani sana madiwani wetu wakae hivyo.

Taratibu hutofautiana lakini. South Portland, Maine, madiwani wenyewe humchagua mmoja wao. Ndivyo Deqa Dhalac, naye mzaliwa wa Somalia, alivyopata umeya mwaka 2021, na 2022 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo.