Maswali ya Wasomaji: Chati ya Moyo Iliyowachanganya Wanafunzi

SWALI: Nafundisha Sayansi darasa la sita, wanafunzi 70. Nimechora moyo kwenye manila, nikaweka namba 1 hadi 14 na majina yake pembeni. Wanaokaa nyuma hawasomi kitu, na kwenye jaribio wengi wameandika kuwa damu ya kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ni ya bluu. Nirekebishe nini?
Mwalimu, Singida

JIBU: Tuanze na bluu, maana hilo ndilo kosa zito. Damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokoza. Bluu ni alama ya wachoraji tu, na mtoto asipoambiwa ataamini anachokiona. Andika kwenye chati yenyewe: "Rangi hizi ni alama." Kisha chora vistari vya mshazari ndani ya mishipa ya bluu, ili hata asiyetofautisha rangi aielewe. Ateri ya mapafu isisitize kwa mdomo: ni ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, lakini huchorwa kwa bluu, kwa kuwa inapeleka mapafuni damu inayokwenda kuchukua oksijeni. Asiyeambiwa hayo hukariri kwamba kila ateri ni nyekundu.

Kuna mtego mwingine ambao hukuutaja. Moyo huchorwa kama wa mtu anayekutazama, hivyo kushoto kwake ni kulia kwa darasa. Mwite mwanafunzi mmoja mbele, aishike chati kifuani akiwaelekea wenzake. Wataelewa papo hapo.

Namba zifute. Mtoto anahangaika kati ya picha na orodha, na akifika kwenye jina ameshasahau alikotoka. Andika jina kando ya sehemu yake, uliunganishe kwa mstari mwembamba wa rula usio na kichwa cha mshale. Mishale iachie mwelekeo wa damu peke yake. Majina 14 kwa kipindi kimoja ni mengi mno. Anza na manane: vyumba vinne, vena kava (vena kuu ya mwili), ateri ya mapafu, vena ya mapafu na aota (ateri kuu ya mwili). Valvu, yaani vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma, zichore kwenye vipande vya pembeni, uzibandike kipindi kinachofuata.

Ukubwa wa herufi: gawanya umbali wa dawati la mwisho kwa 250. Mita 8 zinakupa sentimita 3.2. Manila moja haitatosha. Unganisha mbili kwa selotepu upande wa nyuma. Tumia maka peni nyeusi ya ncha pana, kwani maandishi ya njano hayaonekani kwa mbali. Chati ikiwa na plastiki juu, usiitundike mkabala na dirisha: mng'ao utafuta nusu ya picha.